Hami, kihami, uhami: istilahi za upimaji wa uhami wa umeme

hami *kt.* [~ia, ~ika, ~iwa] 1. linda kitu au mtu dhidi ya madhara, kinga. *Jeshi lilihami mipaka ya nchi.* 2. (umeme) funika, zungushia au tenganisha kipitishi kwa maada isiyopitisha umeme ili mkondo usitoke nje ya njia yake. *Waya huu umehamiwa kwa plastiki.*

kihami *nm.* (ki-/vi-) maada au kifaa kisichopitisha umeme kwa kiasi cha kudhuru: mpira, plastiki, kauri, kioo, mika, karatasi iliyolowekwa mafuta, hewa kavu. *Vihami vya kauri hushikilia nyaya juu ya nguzo.*

uhami *nm.* (u-) 1. hali ya kuhamiwa. 2. tabaka la kihami lililovishwa waya, koili au kifaa. *Uhami wa kebo umechubuka.*

ukinzani wa uhami *nm.* kiwango cha uzuiaji wa mkondo unaojaribu kupenya tabaka la kihami. Hupimwa kwa megaomu.

Makala haya yanaeleza matumizi ya maneno hayo katika miongozo ya usalama, maelekezo ya viwandani na vitabu vya ufundi umeme. Katika nyanja hii kosa la istilahi halimwaibishi mwandishi tu. Msomaji wa maelekezo mara nyingi ana bisibisi mkononi, na neno moja lililokosewa linaweza kumfanya aguse waya ambao anaamini hauna umeme.

Asili na maumbo

Kitenzi *hami* kimetokana na Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia neno *himaya*. Kwa hiyo taswira iliyomo ndani ya istilahi ya Kiswahili ni ya ulinzi: kihami kinamlinda mtu asifikiwe na umeme. Lugha nyingi za Ulaya zimechukua taswira nyingine, kutoka neno la Kilatini *insula*, yaani kisiwa. Huko kipitishi kinafikiriwa kuwa kitu kilichowekwa peke yake, mbali na vingine. Tofauti hiyo ya taswira ndiyo chanzo cha mkanganyiko unaojadiliwa katika sehemu inayofuata.

Katika unyambulishaji, *hami* hukaribiana mno na kitenzi cha Kibantu *hama*. Umbo *hamia* linaweza kutokana na chochote kati ya hivyo viwili, na hata *hamiwa* lina sura mbili: *waya uliohamiwa* ni waya uliovishwa kihami, lakini *nyumba iliyohamiwa* kwa wasomaji wengi ni nyumba ambayo watu wameingia kuishi. Muktadha wa umeme kwa kawaida huondoa utata huo. Hauondoi utata wa *hamisha* na *uhamishaji*, ambayo matumizi ya kila siku yameyafunga kabisa kwenye maana ya kupeleka kitu mahali pengine. Sentensi *angalia uhamishaji wa nyaya* itaeleweka kuwa nyaya zinasogezwa. Umbo sahihi ni *uhami*, na tendo lenyewe ni *kuhami*.

Mafundi wa njia za umeme nchini Tanzania huviita vihami vya nguzoni *vikombe*, kutokana na umbo lake. Neno hilo lafaa katika mazungumzo ya kazi na katika matangazo kwa wananchi. Katika matini ya kiufundi, *kihami cha nguzo* hueleweka hata na msomaji asiyezoea lugha ya karakana.

Kuhami si kutenga

Jozi hii ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. *Kuhami* ni kuweka kizuizi kati ya umeme na mtu. Umeme unaendelea kuwamo katika waya. *Kutenga* ni kuikata saketi kutoka chanzo chake cha umeme na kuacha mwanya unaoonekana au unaothibitika, ili kazi ifanyike bila umeme. Katika Kiingereza maneno ya dhana hizo mbili yametoka kwenye mzizi ule ule wa kisiwa na yanafanana kwa sauti. Mtafsiri mwenye haraka huyachanganya, na baadhi ya tafsiri huyaunganisha yote chini ya neno *tenga*.

Linganisha:

*Kebo imehamiwa.* Ina tabaka la kinga, lakini huenda ina umeme.

*Kebo imetengwa.* Imekatwa kutoka kwenye chanzo chake.

Fundi anayesoma sentensi ya pili mahali palipostahili ya kwanza ana kila sababu ya kuanza kazi. Kwa hiyo inapendekezwa *tenga* na *utengaji* vibaki kwa maana ya kukata saketi, na swichi ya kazi hiyo iitwe *swichi ya kutenga*. Maneno *hami*, *kihami* na *uhami* yabaki kwa tabaka la kinga pekee. Ikumbukwe pia kwamba hata kutenga hakutoshi peke yake. Maelekezo kamili hutaja hatua nne: kata, tenga, funga kwa kufuli, thibitisha kwa kipima volteji kwamba hakuna umeme. Tafsiri inayofupisha hatua hizo kuwa *zima umeme* imepoteza tatu kati ya nne.

Kupima na kujaribu

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa sana hapa. *Kupima* ni kutafuta kiasi. Matokeo yake ni namba. *Kujaribu* ni kukitia kitu katika hali ngumu ili kuona kama kitastahimili. Matokeo yake ni kupita au kushindwa. Ukaguzi wa usalama wa umeme una kazi za aina zote mbili, na jina la kila kazi linapaswa kulionyesha jambo hilo.

*Kipimo cha mwendelezo wa ethi.* Hapa hutafutwa uhakika kwamba bodi ya chuma ya kifaa imeungana vizuri na waya wa ethi. Ukinzani unaotakiwa ni mdogo sana, sehemu ya kumi za omu. Katika kiwango cha kimataifa cha vifaa vya nyumbani, IEC 60335-1, jaribio la kiwandani hupitisha mkondo usiopungua ampea 10, na ukinzani haupaswi kuzidi omu 0.2 kwa kifaa chenye waya wake wa kuchomeka, au omu 0.1 kwa vifaa vingine.

*Kipimo cha ukinzani wa uhami.* Volteji ya mkondo mnyoofu huwekwa kati ya vipitishi, au kati ya vipitishi na ethi, kisha mkondo mdogo unaopenya hupimwa na kugeuzwa kuwa namba ya ukinzani. Kwa saketi za majengo zenye volteji isiyozidi 500, kiwango cha IEC 60364-6 hutaka volti 500 za mkondo mnyoofu na ukinzani usiopungua megaomu 1. Kwa kiwango hicho cha chini, mkondo unaopenya ni nusu ya miliampea. Kifaa cha kupimia ni *kipima uhami*. Mafundi wengi hukiita Megger, jina la chapa ya Uingereza ambalo limetumika tangu mwaka 1903 na ambalo midomoni mwao limekuwa kama nomino ya kawaida. Katika matini rasmi *kipima uhami* hufaa zaidi, kwa sababu hakimfungi msomaji kwa mtengenezaji mmoja.

*Jaribio la kuhimili volteji.* Hili ndilo jaribio la volteji ya juu lenyewe. Uhami hutiwa volteji kubwa kuliko itakayokutana nayo katika matumizi ya kawaida, kwa muda maalumu, na hutazamwa kama utahimili bila kupasuka. Kwa vifaa vya nyumbani vyenye volteji kati ya 150 na 250, jaribio la kiwandani la IEC 60335-1 hutumia volti 1,000 za mkondo geu kwa uhami wa msingi na volti 2,500 kwa uhami maradufu au ulioimarishwa, kwa sekunde 1. Kwa mota na jenereta, kiwango cha IEC 60034-1 hutumia kanuni ya mara mbili ya volteji ya mashine kuongeza 1,000, isiyopungua 1,500, kwa dakika 1. Mota ya volti 400 basi hujaribiwa kwa volti 1,800.

Neno *kuhimili* limechaguliwa kwa makusudi. Baadhi ya tafsiri huandika *jaribio la nguvu ya uhami*, lakini *nguvu* katika Kiswahili hubeba mambo mengi mno, na msomaji wa fizikia atalisoma kwa maana nyingine. *Kuhimili* husema hasa kinachotazamwa: kubeba mzigo bila kuvunjika.

Jaribio la kuhimili pia huuchosha uhami. Ndiyo maana IEC 60034-1 haitaki lirudiwe kwa volteji kamili. Likilazimika kurudiwa, hufanywa kwa asilimia 80 ya volteji ya awali. Mtafsiri anayetumia *pima* kwa kazi zote tatu humpa fundi picha kwamba zote ni za kurudiwa apendavyo, kama kupima urefu wa meza.

Ukinzani mzuri ni upi?

Kishazi *ukinzani mzuri* hakifai katika maelekezo, kwa kuwa uzuri wake hubadilika kulingana na kinachopimwa. Katika ethi, ukinzani mzuri ni mdogo. Katika uhami, ukinzani mzuri ni mkubwa. Fundi mwanafunzi aliyefundishwa kwamba *usomaji mdogo ni salama* atakubali uhami uliooza. Andika daima *usizidi* au *usipungue*, ukiambatanisha namba na kipimio.

Kipimio nacho kina mtego wake wa herufi. Alama mΩ yenye *m* ndogo ni miliomu. MΩ yenye *M* kubwa ni megaomu. Tofauti kati ya hizo mbili ni mara bilioni moja. Programu za kuandikia zinazobadilisha herufi kubwa na ndogo zenyewe, hasa mwanzoni mwa sentensi na katika vichwa vya majedwali, zimewahi kuwa adui wa wahariri wengi. Njia salama ni kuandika neno zima, *megaomu*, angalau mara ya kwanza na katika kila sentensi ya onyo.

Ukinzani wa uhami pia hutegemea joto, unyevu na muda. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, ukinzani wa uhami wa koili hupungua kwa nusu. Kwa hiyo sentensi *ukinzani ulikuwa megaomu 40* haijakamilika. Kamili ni *ukinzani ulikuwa megaomu 40 kwa volti 500, baada ya dakika 1, koili ikiwa na nyuzi 30*. Katika mota kubwa hutazamwa pia uwiano wa usomaji wa dakika ya 10 kwa ule wa dakika ya 1. Uhami mkavu na safi huendelea kupandisha usomaji kadiri dakika zinavyopita. Uliolowa au kuchafuka husimama mapema. Kwa kuwa hakuna jina moja la Kiswahili lililoenea kwa uwiano huo, ni afadhali kuueleza kwa maneno hayo kuliko kubuni istilahi ambayo msomaji hataipata popote.

Mvujo, mruko, mpasuko

Maneno haya matatu hutaja njia tatu ambazo umeme huishinda kinga.

*Mvujo* ni mkondo mdogo unaopenya uhami au kupita juu ya uso wake bila kuuharibu papo hapo. Husemwa *mkondo wa mvujo*, na hupimwa kwa miliampea au chini yake. Kila uhami una mvujo fulani. Swali ni kiasi.

*Mruko* ni cheche inayopita hewani au juu ya uso wa kihami kutoka kipitishi kimoja hadi kingine. Kihami chenyewe kinaweza kubaki kizima. Chumvi ya bahari na vumbi juu ya vihami vya nguzo, vikichanganyika na umande, hurahisisha mruko, jambo ambalo mafundi wa pwani wanalijua vizuri. Hewa kavu katika mazingira ya kawaida huhimili takriban kilovolti 3 kwa kila milimita.

*Mpasuko* ni kutoboka kwa kihami chenyewe. Katika plastiki, mpira au karatasi, hakuna kurudi: tundu limebaki. Katika mafuta ya transfoma au hewani, maada hujifunga tena, ingawa mafuta huachwa na uchafu. Ndiyo sababu mafuta hupimwa kwa kupasuliwa makusudi. Katika njia ya IEC 60156, volteji hupandishwa kati ya elektrodi mbili zilizoachana kwa milimita 2.5 hadi cheche ipite.

Ripoti inayosema *uhami umevuja* pale ambapo *umepasuka* humwelekeza msimamizi kukausha kifaa ambacho kinapaswa kubadilishwa.

Shoti, ethi, msongo

Neno *shoti* hutumika kwa mambo mawili. Kwa fundi ni mgusano wa nyaya mbili unaoruhusu mkondo mkubwa kupita njia ya mkato. Kwa watu wengi *kupigwa shoti* ni mwili wa mtu kupitiwa na umeme. Nchini Kenya husikika pia *kupigwa na stima*. Sentensi *epuka shoti unapopima* haisemi ni kipi kiepukwe. Katika maelekezo inafaa kuandika *mgusano wa nyaya* kwa maana ya kwanza na *kupigwa na umeme* kwa ya pili. Kishazi *hitilafu ya umeme*, kinachopendwa katika habari za moto, hutosha gazetini lakini hakitoshi katika ripoti ya ukaguzi, kwa kuwa hakitaji aina ya hitilafu.

*Ethi* ni neno lililokwisha kukubalika katika ufundi na lisibadilishwe ovyo kuwa *ardhi*. *Waya wa ardhini* husomeka kuwa waya uliofukiwa, na kebo za umeme zilizofukiwa zipo. Amri *unganisha na waya wa ardhini* inaweza kumpeleka mtu kwenye kebo yenye umeme.

*Msongo* ni neno linalotumika Tanzania katika habari za njia kubwa za umeme, kama katika *njia ya msongo wa kilovolti 220*. Ni sahihi katika muktadha huo. Katika maelezo ya majaribio *volteji* ni bora, kwa sababu hukubali viambishi na vivumishi bila utata: *volteji ya jaribio*, *volteji ya matumizi*, *volteji ya kifaa*.

Tofauti kati ya volteji ya jaribio na ya matumizi ni ya kufa na kupona katika vifaa vya kinga. Glavu za mpira za daraja la 0, kwa kiwango cha IEC 60903, hujaribiwa kwa volti 5,000 lakini huruhusiwa kutumika kwenye mifumo isiyozidi volti 1,000. Lebo inayotafsiriwa *glavu za volti 5,000* humruhusu fundi, kwa maneno, kuingia mahali ambapo glavu hazikukusudiwa kumlinda.

Madaraja ya vifaa

*Kifaa cha Daraja la I* hutegemea uhami wa msingi pamoja na ethi. *Kifaa cha Daraja la II* hutegemea uhami maradufu au ulioimarishwa, hakina waya wa ethi, na hutambulika kwa alama ya mraba ndani ya mraba. Onyo *kifaa hiki lazima kiunganishwe na ethi* ni la Daraja la I pekee. Likinakiliwa katika kijitabu cha kifaa cha Daraja la II, mtumiaji atatafuta waya usiokuwapo, na huenda fundi wa mtaani akamfungia mmoja kwenye skrubu inayotoboa kinga ya ndani.

Mfano wa uhariri

Rasimu ifuatayo imetungwa ili kuonyesha makosa yaliyojadiliwa:

*Hami mota kwanza. Pima nguvu ya volti 500. Ukinzani ukiwa mzuri, peleka waya ardhini, kisha gusa.*

Sentensi ya kwanza imechanganya kuhami na kutenga. Ya pili haisemi kinachopimwa wala aina ya mkondo. Ya tatu ina *ukinzani mzuri* na *ardhini*, tena imeliweka tendo la kuondoa chaji chini ya sharti: kana kwamba ukinzani ukiwa mbaya, chaji haina haja ya kuondolewa. Baada ya kuhaririwa:

*Kata umeme wa mota, itenge kwa swichi yake, funga swichi kwa kufuli, na uthibitishe kwa kipima volteji kwamba nyaya hazina umeme. Pima ukinzani wa uhami kati ya koili na bodi ya mota kwa volti 500 za mkondo mnyoofu kwa dakika 1. Ukinzani, ukirekebishwa kwa nyuzi 40 za Selsiasi, usipungue megaomu 5. Baada ya kipimo, matokeo yawe yoyote, unganisha koili na ethi ili kuondoa chaji kabla ya kuigusa.*

Kiwango cha megaomu 5 ni cha mota ndogo zenye volteji isiyofika 1,000, kwa mujibu wa mwongozo wa IEEE 43. Mwongozo huo hutaka pia muda wa kuondoa chaji usipungue mara nne ya muda wa kipimo: kipimo cha dakika 10 hufuatwa na dakika 40 za ethi. Koili na kebo ndefu huhifadhi chaji baada ya kipima uhami kuondolewa, na chaji hiyo haionekani kwa macho.

Rasimu ya pili ni ndefu mara kadhaa kuliko ya kwanza. Urefu huo usiogopwe. Katika lugha ya usalama, ufupi unaopendeza ni ule usiomwachia msomaji jambo lolote la kukisia.

Muhtasari wa matumizi

Tumia *kuhami* kwa kuvisha kinga. *Kutenga* kwa kukata saketi kutoka chanzo.

Tumia *uhami*, si *uhamishaji*.

Tumia *kupima* kwa kutafuta namba. *Kujaribu kuhimili* kwa kutia volteji ya juu.

Tumia *mvujo* kwa mkondo mdogo unaopenya, *mruko* kwa cheche ya hewani au usoni, *mpasuko* kwa kutoboka kwa kihami.

Tumia *ethi*, si *ardhi*. *Volteji*, si *nguvu*.

Taja kipimio kwa neno zima, na kila kiwango kiambatane na *usizidi* au *usipungue*.